Nebula ya kisayari: jina, vumbi, na kinachobaki nyota inapokufa

Mwanafunzi wa tafsiri akipewa maandishi ya elimu ya nyota kwa Kifaransa, hatakawia kukutana na maneno «nébuleuse planétaire». Kalamu yake itakimbia: nebula ya sayari. Mwalimu wa fizikia akisoma tafsiri hiyo atatikisa kichwa, kwa sababu vitu vinavyoitwa hivyo si sayari, havikutokana na sayari, wala havizunguki jua lolote. Ni gesi iliyotupwa nje na nyota zinazofika mwisho wa maisha yao. Jina lilitolewa kwa sababu ya sura tu, na waliolitoa walikuwa wakitazama kwa darubini za karne ya 18.

Jambo lingeweza kuishia hapo: jina ni la zamani, maana yake haina ukweli, tuendelee na kazi. Lakini mwaka 2007 kundi la wataalamu wa nyota huko Marekani lilitangaza kwamba katikati ya nebula moja ya aina hiyo, kuizunguka nyota iliyokufa, kuna vumbi lililotandaa kama diski. Wakapendekeza kwamba vumbi hilo ni masalio ya vitu vilivyowahi kuzunguka nyota hiyo pamoja na sayari zake. Wataalamu wengine wakasema hapana, vumbi lilitoka kwenye nyota yenyewe. Ubishi huo haujaisha. Kwa hiyo jina tulilodhani limekosea kabisa limepata, kwa njia ambayo aliyelitunga hakuifikiria, uwezekano wa kuwa na kiasi fulani cha ukweli.

Kwa kitivo cha lugha jambo hili si la kupita tu. Anayetafsiri istilahi hachagui neno pekee. Anachagua pia msomaji wake aamini nini. Basi tueleze kwanza kitu chenyewe, kisha vumbi lililoonekana katikati yake na maelezo mawili yanayoshindana, na mwishoni turudi kwenye neno.

Jina lilitoka wapi

Mwaka 1764 Mfaransa Charles Messier, aliyekuwa akitafuta nyotamkia, aliona doa la mwanga hafifu lisilosogea, akaliandika kwenye orodha yake ili asidanganywe nalo tena. Leo doa hilo linajulikana kama M27, na ndiyo nebula ya kwanza ya aina hii kuonekana. Mwaka 1779 Antoine Darquier wa Toulouse aliona nyingine, ile yenye umbo la pete tunayoiita M57, akaifananisha na sayari inayofifia.

Aliyeimarisha mfano huo ni William Herschel, Mjerumani aliyehamia Uingereza. Mwezi Machi 1781 alikuwa amegundua Uranus, kwa hiyo jicho lake lilijua vizuri sayari ya mbali inavyoonekana katika darubini: kiduara kidogo chenye ukingo, rangi ya kijani au samawati, tofauti na nyota ambayo hubaki nukta. Alipoanza kukutana na nebula zenye viduara vya namna hiyo, alizitenga katika kundi lake, na katika maandishi yake ya mwaka 1785 akaziita za kisayari. Hakudai kuwa ni sayari. Alisema zinafanana nazo.

Mwaka 1790 Herschel aliona nebula nyingine, NGC 1514, yenye nyota moja inayong'aa katikati kabisa ya wingu la mwanga. Akaona kwamba wingu hilo si lundo la nyota nyingi zilizo mbali mno, bali ni kitu chepesi kinachoizunguka nyota hiyo. Hapo alikaribia sana ukweli tunaoujua sasa. Jina, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kushika.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1864, pale William Huggins alipopitisha mwanga wa nebula NGC 6543 katika chombo kinachoutawanya katika rangi zake. Mwanga wa nyota hutoa utepe wa rangi zote zilizoshikana. Mwanga wa nebula hii ulitoa mistari michache tu iliyoachana. Hiyo ni alama ya gesi nyembamba inayowaka. Mistari iliyong'aa kuliko mingine, ya kijani, haikulingana na elementi yoyote iliyojulikana, hivyo wanasayansi wakabuni elementi mpya wakaiita «nebulium». Hawakufanya upuuzi: heli nayo ilionekana kwanza katika mwanga wa Jua mwaka 1868, ikapatikana duniani mwaka 1895. Lakini mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kwamba mistari ile ya kijani ni ya oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba kiasi ambacho maabara za duniani hazikuweza kukifikia. «Nebulium» ikatoweka vitabuni, na «planétaire» ikabaki. Majina mawili yaliyozaliwa kwa kukisia yalipata hatima tofauti: moja lilidai kwamba kuna kitu ambacho hakipo, jingine lilieleza sura tu.

Nyota inavyokufa

Nyota huishi kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heli katika kiini chake. Jua letu limefanya hivyo kwa takriban miaka bilioni 4,6, na lina akiba ya takriban miaka bilioni 5 zaidi. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza na kupata joto zaidi, huku tabaka za nje zikivimba na kupoa. Nyota inakuwa jitu jekundu. Baadaye heli nayo huungana kuwa kaboni na oksijeni, mpaka heli ya kiini nayo iishe.

Katika hatua ya mwisho nyota huvimba tena na kutetemeka, ikijaa na kupwa kwa miezi mingi kila mara. Kila mtetemo husukuma gesi mbali na uso wake. Gesi hiyo ikifika mahali penye baridi ya kutosha, sehemu yake huganda kuwa chembe ndogo ngumu: za kaboni zinazofanana na masizi ya taa, au za silikati, jamii ya madini yaliyomo katika mchanga na mawe. Mwanga wa nyota huzisukuma chembe hizo, nazo hukokota gesi pamoja nazo. Kwa njia hiyo nyota iliyozaliwa na uzito wa kama Jua hadi mara nane ya Jua hujivua koti lake lote la nje.

Kinachobaki ni kiini kitupu, kidogo na cha moto mno. Kinapofikia joto la nyuzi 30 000 na zaidi, mionzi yake ya urujuanimno huiwasha gesi iliyotupwa, na gesi hiyo ndiyo nebula tunayoiona. Nebula hutanuka kwa kasi ya kama kilomita 20 hadi 30 kwa sekunde, kwa hiyo haidumu: baada ya makumi ya maelfu ya miaka hutawanyika isionekane tena. Katika maisha ya nyota yanayohesabiwa kwa mabilioni ya miaka, huo ni muda mfupi mno. Kiini kinachobaki huitwa nyota kibete nyeupe. Kina ukubwa unaokaribia ule wa Dunia, lakini uzito wake kwa kawaida ni zaidi ya nusu ya uzito wa Jua, nacho hupoa polepole kwa mabilioni ya miaka.

Kwa maelezo hayo, jirani ya nyota kibete palipaswa kuwa patupu: gesi imekwenda, vumbi limekwenda nalo, na mwanga mkali wa kiini unafukuza chochote kilichosalia. Ndiyo maana habari ya mwaka 2007 ilishangaza.

Vumbi linaonekanaje

Makaa katika mbabula yakiwa mekundu, jicho huyaona. Yakififia mpaka kuwa meusi, jicho haliyaoni tena gizani, lakini kiganja kikiletwa karibu bado huhisi joto. Kiganja hicho kinapokea mionzi ya infraredi. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na kadiri kitu kilivyo baridi ndivyo mawimbi ya mionzi yake yalivyo marefu. Nyota kibete yenye joto la nyuzi 110 000 hutoa sehemu kubwa ya mionzi yake katika urujuanimno. Vumbi lenye nyuzi 100 tu za Kelvin, yaani nyuzi 170 na zaidi chini ya sifuri kwa kipimo chetu cha kawaida, hutoa mionzi yake mingi katika mawimbi ya karibu mikromita 30, ambayo jicho haliwezi kuyaona hata kidogo.

Kwa hiyo njia ni hii: pima nyota kibete katika mawimbi ya mikromita 24. Fizikia inatuambia iwe hafifu kiasi gani. Ikiwa imezidi kiasi hicho, ziada hiyo haitoki kwenye nyota, bali kwenye kitu cha baridi kilicho karibu nayo.

Darubini ya Spitzer, iliyorushwa angani na NASA mwezi Agosti 2003, ilitengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Ilipoelekezwa kwenye nebula ya Helix, NGC 7293, katika kundinyota la Ndoo, umbali wa kama miaka ya nuru 650 kutoka kwetu, nyota ya katikati ilionekana angavu kupita kiasi katika mikromita 24 na pia katika mikromita 70. Kate Su wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walikokotoa kwamba ziada hiyo inatoka kwenye vumbi lililo kati ya vizio vya astronomia 35 na 150 kutoka kwenye nyota. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia na Jua, karibu kilomita milioni 150. Neptuni, sayari ya mwisho katika mfumo wetu, iko kwenye vizio 30. Uzito wa vumbi hilo walikadiria kuwa kama 0,13 ya uzito wa Dunia, sawa na Miezi kumi hivi iliyosagwa ikawa unga.

Hapa msomaji wa lugha asimame kidogo. Spitzer haikupiga picha ya diski. Kwa umbali ule, iliona nukta moja tu iliyong'aa kupita kiasi. Neno «diski» ni hitimisho: vumbi la kiasi hicho lisingekaa mahali hapo bila kuzunguka nyota, na vitu vingi vinavyozunguka pamoja na kugongana huishia kutandaa katika bapa moja. Neno linalosikika kama maelezo ya sura ni, kwa kweli, hoja nzima iliyofupishwa.

Helix haikubaki peke yake. You-Hua Chu na wenzake walitumia Spitzer kupima nyota kibete za moto 71, wakatoa matokeo mwaka 2011: tisa zilikuwa na ziada katika mikromita 24, na saba kati ya hizo tisa bado zilikuwa ndani ya nebula zao. Vumbi basi si la kila nyota, wala si la nadra mno. Na linaelekea kuonekana zaidi pale ambapo kifo cha nyota ni cha juzijuzi, kwa hesabu za anga.

Maelezo ya kwanza: mifupa ya mfumo wa sayari

Ng'ambo ya Neptuni, Jua letu lina Ukanda wa Kuiper: maelfu mengi ya vitu vya barafu na mawe, Pluto akiwemo. Tuseme nyota ya Helix nayo ilikuwa na ukanda kama huo. Ilipovimba, ilichoma au kumeza vilivyokuwa karibu nayo, lakini vya mbali vilinusurika. Kisha ikapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na nguvu ya uvutano iliyoshikilia vitu hivyo ikalegea. Hesabu ni rahisi: nyota ikipoteza nusu ya uzito wake polepole, njia ya kila kinachoizunguka hutanuka mara mbili. Mpangilio uliotulia kwa mabilioni ya miaka unavurugika, sayari zinavutana upya, vitu vidogo vinarushwa katika njia zinazokatizana. Vinagongana, vinavunjika, na kila mgongano unaacha vumbi.

Maelezo haya yana nguvu moja kubwa. Vumbi la karibu na nyota kali halidumu. Lazima kuwe na chanzo kinacholizalisha upya, na migongano inayoendelea ni chanzo cha namna hiyo. Umbali wa vizio 35 hadi 150 nao unafaa kwa ukanda wa aina ya Kuiper.

Tena, tunajua kwamba nyota kibete nyeupe hubaki na mabaki ya sayari. Mwaka 1987 Benjamin Zuckerman na Eric Becklin waliona ziada ya infraredi kwenye nyota kibete G29-38, na baadaye ikaeleweka kwamba asteroidi iliisogelea mno nyota hiyo, ikapasuliwa na uvutano wake, ikawa diski. Lakini tusichanganye mambo. Diski ya G29-38 ni ndogo, ina joto, imebana nyota, na nyota yenyewe ilikufa zamani na nebula yake haipo tena. Ya Helix ni baridi, iko mbali na nyota, nayo imo ndani ya nebula ambayo bado inawaka. Diski ya kwanza ikithibitishwa, ya pili haithibitiki nayo.

Maelezo ya pili: nyota mwenzi

Nyota nyingi huishi mbili mbili. Moja ikivimba na kutupa gesi, mwenzake anaweza kuikoroga gesi hiyo isiondoke yote. Sehemu inabaki ikizizunguka nyota zote mbili, inatandaa kuwa diski, na vumbi lake linakaa.

Hili si la kukisia. Katika kitu kinachoitwa Mstatili Mwekundu, HD 44179, nyota mbili huzungukana kwa karibu siku 320, na darubini za redio zimeonyesha kwamba gesi ya diski yake kweli inazunguka kwa mwendo unaotawaliwa na uvutano wa nyota hizo. Hans Van Winckel wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzake, wamechunguza nyota nyingi za hatua hiyo, zilizokwisha kujivua lakini hazijawasha nebula. Walipokuta diski yenye vumbi, walikuta kwa kawaida nyota mwenzi pia. Nyota hizo zikiendelea kupata joto, nebula itakapowaka, kuna sababu gani diski isiwe bado ipo?

Mwaka 2014 Geoffrey Clayton, Orsola De Marco na wenzao walilinganisha makundi matatu: nyota za katikati ya nebula zenye ziada ya infraredi, nyota kibete za zamani kama G29-38, na nyota za hatua ya kabla ya nebula. Walihitimisha kwamba, kwa jumla, vumbi la katikati ya nebula linaelezeka vizuri zaidi kama diski iliyoundwa nyota ilipokuwa ikijivua kuliko kama unga wa migongano. Hawakuifuta njia ya pili. Walisema haiwezi kukataliwa.

Kisha ikaja darubini ya James Webb. Picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, na mojawapo ilikuwa ya nebula NGC 3132, ya Pete ya Kusini. Katikati yake palijulikana nyota mbili: moja angavu, ambayo siyo iliyotoa nebula, na nyingine hafifu, ambayo ndiyo kiini kilichobaki. Katika mawimbi marefu ya infraredi kiini hicho, ambacho kwa joto lake kisingepaswa kuonekana vizuri hapo, kilitokea chenye wekundu, kimezungukwa na vumbi baridi. Kundi kubwa likiongozwa na De Marco lilichapisha uchunguzi wake Desemba mwaka huo huo: ili kueleza vumbi hilo pamoja na matao na matundu ya nebula, zinahitajika nyota zaidi ya mbili, nne au hata tano, ambazo nyingine zilishiriki katika kukoroga gesi.

Jinsi ya kuamua

Maelezo mawili hayatofautiani kwa maneno tu. Yanatabiri mambo tofauti. Diski iliyotokana na nyota kujivua inapaswa kuwa na gesi nyingi pamoja na vumbi, na kuwa na nyota mwenzi ndani yake au karibu yake. Diski ya migongano inapaswa kuwa kavu, karibu bila gesi, na haihitaji nyota mwenzi. Kemia nayo inasema. Nyota inayokufa ikiwa na kaboni nyingi kuliko oksijeni, masizi yake ni ya kaboni. Ukikuta silikati karibu nayo, kuna uwezekano kwamba zilihifadhiwa katika diski tangu zamani, kabla nyota haijabadilika kemia yake, au zinatoka kwenye mawe yaliyovunjika.

Pia hakuna sheria inayosema jibu liwe moja kwa nebula zote. NGC 3132 inaelekea kwenye nyota wenzi. Helix bado inavutwa pande zote mbili. Kwa zaidi ya miaka arobaini nyota yake ya katikati imejulikana kutoa mionzi ya eksirei yenye nguvu kuliko inavyotarajiwa kwa nyota ya aina yake, na mwaka 2025 kundi la wataalamu lilipendekeza kwamba chanzo ni mabaki ya sayari kubwa iliyopasuliwa, ambayo yanaendelea kuanguka juu ya nyota hiyo. Ni pendekezo, na litapimwa kama mengine. Lakini sayari zimerudi tena katika mazungumzo ya «nébuleuse planétaire».

Hili linatuhusu hata kama hatuangalii nyota. Jua letu linaishi bila nyota mwenzi. Likifikia mwisho wake, kama kutabaki diski ya vumbi, haitatokana na nyota nyingine. Itakuwa Ukanda wa Kuiper, nyotamkia, na pengine vipande vya sayari. Anayesoma asili ya vumbi la Helix anasoma pia mojawapo ya njia ambazo mfumo wetu unaweza kuishia.

Tuliandikeje neno hili

Turudi sasa kwa mwanafunzi wetu na kalamu yake. Ana njia tatu.

Ya kwanza ni «nebula ya sayari». Kiunganishi -a ni kipana katika Kiswahili: hueleza mali, asili, kazi, hata kitu kilichotumika kutengeneza. Mkono wa mtoto, chumvi ya bahari, kisu cha jikoni, nyumba ya matofali. Msomaji akiona «nebula ya sayari» atafahamu kwamba sayari ndiyo mwenye nebula au ndiyo ilikotoka. Hilo si kweli hata kwa wale wanaoamini kwamba vumbi la katikati linatoka kwenye sayari, kwani nebula yenyewe, yaani gesi inayowaka, ni ya nyota.

Ya pili ni kuyaweka majina mawili pamoja bila kiunganishi: «nebula sayari». Muundo huu tunao, lakini jina la pili kwa kawaida hueleza la kwanza ni nini au lina nini: nyotamkia ni nyota yenye mkia. Nebula sayari itakuwa nebula ambayo ni sayari, au iliyo na sayari. Ni kusema zaidi ya tunavyojua.

Ya tatu ni «nebula ya kisayari», na hii ndiyo tunayoipendekeza. Kiambishi ki- katika miundo kama «tabia ya kitoto» au «mavazi ya kifalme» hueleza namna na mfano: tabia kama ya mtoto, hata mwenye nayo akiwa mzee. Hicho ndicho hasa Herschel alichotaka kusema mwaka 1785: kitu kinachoonekana kama sayari. Kwa hapa Kiswahili kina chombo bora kuliko Kifaransa, maana «planétaire» katika «système planétaire» ni ya sayari kwelikweli, na katika «nébuleuse planétaire» ni ya mfano tu, bila alama yoyote ya kutofautisha.

Mtu anaweza kupinga kwamba siku hizi -a ki- hutumika pia kwa maana ya «kuhusu»: masuala ya kiuchumi, utafiti wa kisayansi. Ni kweli, na kwa neno hili hiyo ni faida. Kama kesho itathibitika kwamba vumbi la katikati ya baadhi ya nebula hizo ni masalio ya sayari, «ya kisayari» itaweza kubeba na maana hiyo bila kubadilishwa. Inalinda maana ya zamani, haifungi mlango kwa mpya.

Wala tusiogope kwamba asili ya jina haikubaliani na kitu chenyewe. Atomu kwa Kigiriki ni kisichogawanyika, nayo inagawanyika kila siku. Sayari kwa asili yake ya Kiarabu ni kinachokwenda, kama vile «planète» kwa Kigiriki ni mzururaji, hakuna anayelalamika. Neno hudumu likiwa halimdanganyi anayelitumia leo.

Kwa «diski» tunapendekeza neno libaki hivyo hivyo, kwa kuwa limezoeleka, na msomaji aongezewe mfano. Sahani haifai, kwa sababu haina tundu, na vumbi la Helix linaanzia mbali na nyota. Ngata inafaa zaidi, ile duara ya kitambaa au majani anayoiweka kichwani mtu anayebeba mzigo: ina nafasi tupu katikati, ina upana, inazunguka kitu. Ikiwa imebanwa na mzigo mzito ikawa bapa, mfano umekamilika.

Mwalimu wa sekondari atakayeeleza jambo hili kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa letu, hatakuwa na nafasi ya kurasa zote hizi. Atahitaji mistari michache ya kamusi. Hii ni rasimu yetu, ikosolewe:

*Nebula ya kisayari* (nm): wingu la gesi inayowaka lililotupwa na nyota ya uzito wa kati inapokaribia kufa, likiiacha katikati nyota kibete nyeupe. Liliitwa hivyo kwa kufanana na sayari katika darubini za karne ya 18. Baadhi yake yana diski ya vumbi katikati. Asili ya vumbi hilo inadhaniwa kuwa nyota yenyewe pamoja na nyota mwenzi, au mabaki ya mfumo wake wa sayari.